Jiwe la babu aliyefia Burma, fundi anasubiri maandishi. Nishaurini wakuu

Mjukuu wa Kilolo:
Habari za jioni wakuu. Nimebanwa. Babu mzaa baba alikuwa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, batalioni ya 36, akapelekwa Burma vita ya pili ya dunia na hakurudi. Katika watoto wake amebaki shangazi mmoja, ana miaka 83, na mwezi huu kalazwa mara mbili. Anataka aone kaburi la baba yake hapa nyumbani kabla hajafumba macho, hata kama ndani hamna kitu. Ukoo tumechanga, saruji ipo, jiwe la marumaru lipo kwa fundi. Nitajuaje babu alizikwa wapi kule, ili nako nipaandike? Alipigwa risasi Kalewa wakivuka mto. Fundi anataka maneno yote Ijumaa.

Mama Pendo:
Pole kwa kuuguza. Ila mimi kaburi tupu naliogopa. Kwetu walimjengea kaka aliyezama ziwani, mama akawa kila jioni yuko pale anaongea na saruji, hakurudi kuwa mtu wa kawaida. Fanyeni ibada, hela iliyobaki mtibieni shangazi.

Mzee wa Gerezani:
Una bahati, wako alipewa bunduki. Babu yangu alichukuliwa 1917 kubebea Waingereza mizigo. Hao wapagazi, Carrier Corps, ndio waliotuachia jina la Kariakoo. Waliotoka naye kijijini walibaki njiani kwa kuhara damu, mmoja mmoja, na mimi sijawahi kuona jiwe lenye jina la hata mmoja wao. Ile Sanamu ya Askari ya 1927 pale mjini Dar inawasimamia wote kwa mkupuo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliachwa bila majina yao kuandikwa popote. Hili jambo likinijia usiku silali.

Nondo:
Turudi kwenye swali. Hiyo Tume aliyoitaja Mzee ina orodha mtandaoni, kutafuta ni bure. Kwa vita ya pili wameingizwa askari waliofariki kuanzia Septemba 3, 1939 hadi Desemba 31, 1947. Jina likikataa, badilisha herufi, makarani waliandika walivyosikia. Wasio na kaburi linalojulikana wamechongwa kwenye mnara wa Taukkyan, kaskazini ya Yangon, majina karibu 27,000. Tupe tarehe ya kifo.

Mjukuu wa Kilolo:
Karatasi inasema Septemba 19, 1944. Ahsante mkuu.

Kisiki:
Hii chai. Keya ilikuwa na batalioni sita, hiyo ya 36 umeiokota wapi? Kesho utasikia namba ya kutuma mchango wa jiwe.

Nondo:
Kisiki, batalioni umekosea. Vita ilipokua ziliundwa nyingine, ya 26 na ya 36 zikiwa za Tanganyika, zote ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ila mleta uzi, tarehe imenitia shaka hata mimi. Septemba 1944 divisheni ilikuwa bado inasukuma magari kwenye tope la bonde la Kabaw, mvua hazikatiki. Kalewa waliingia Desemba 2. Babu yako alifikaje peke yake miezi miwili na zaidi kabla ya wenzake? Hiyo karatasi inasemaje? Tuandikie yote.

Mjukuu wa Kilolo:
Situngi. Karatasi ni ndogo kama kiganja, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Bibi aliitunza kwenye kopo la majani ya chai. Imepigwa taipu, jina na tarehe ndivyo vimejazwa kwa wino. Inasema alifariki hospitalini kwa homa. Haya, nimesema. Lakini nieleweni. Shangazi alizaliwa baba yake ameshaondoka. Hana chochote chake zaidi ya hadithi ya mtoni, na ameisimulia kwa wajukuu wote. Leo nikamwambie baba yako alisafiri baharini siku zote zile akafa kwa homa, kama aliyebaki shambani? Fundi ameshachonga ALIUAWA VITANI, nimelipa nusu. Simdhulumu mtu.

Mama Pendo:
Uongo uuchonge kwenye jiwe, halafu mchungaji aje aubariki? Hapana, mwanangu.

Muuguzi wa Zamu:
Mjukuu, hiyo "homa" usiidharau. Burma mwaka 1943, kwa kila majeruhi mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele, waliondolewa wagonjwa 120. Malaria, kuhara, na ile homa ya vichakani inayoletwa na utitiri wa kwenye majani. Anakuuma kwapani au chini ya mkanda, panabaki kidonda cheusi kama pamezimiwa sigara, wiki ya pili mtu anaweweseka. Dawa yake ya kweli ilijulikana 1948. Vile vidonge vya njano vya mepakrini vilikuwa vya malaria, na Jenerali Slim, mkuu wa jeshi la Waingereza kule Burma, aliwavua vyeo makamanda watatu kwa sababu askari wao hawakuvimeza. Kwake hiyo ilikuwa vita, sawa na risasi.

Mtoto wa Keya:
Baba yangu alirudi. Mjapani hakumtaja sana, alitaja ruba. Alisema asubuhi unavua buti, soksi inatoka na damu. Na aliwataja kwa majina wale waliopandishwa kwenye machela wakitetemeka, wakiahidi watakutana Mombasa. Aliwalilia hao hadi uzeeni.

Kisiki:
Neno chai nimelifuta. Samahani ndugu.

Nondo:
Kama alifia hospitalini basi huenda ana kaburi lake kabisa. Wagonjwa wa Kabaw walirudishwa upande wa India. Jaribu Imphal.

Mjukuu wa Kilolo:
Nimempata. Imphal. Jina lina R mahali pa L, ndiyo maana lilikuwa linakataa, lakini batalioni ni ile na siku ni ile. Nimesoma na ya wenzake kwenye orodha: jina, namba, kikosi, tarehe. Aliyepigwa risasi na aliyekufa kwa homa huwezi kuwatofautisha. Nimempigia fundi, anasema ALIUAWA haifutiki, atageuza jiwe achonge upande wa nyuma, niongeze elfu themanini. Nimetuma. Jumamosi nakwenda kwa shangazi na ile karatasi.