Mama mwenye kifafa cha siku zote akianguka na mimba kubwa, mnaanzia wapi?

MkungaUlanga:
Habari za kazi wakunga wenzangu, na akina mama mliomo humu.

Niko zahanati moja huku Ulanga. Mnaoijua Mahenge mnajua kifafa kwetu kiko karibu kila ukoo. Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa hapa zaidi ya miaka 60 iliyopita, na watafiti wanahusisha wingi huu na usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wa mtoni. Kwa hiyo wajawazito wanaokunywa dawa za kifafa nawapata mara kwa mara.

Juzi kaja binti wa miaka 22, mimba ya kwanza, wiki 11. Anakunywa fenobabitali tangu darasa la tano. Nilipokunja mkono wa blauzi nimpime presha nikaona kovu la moto toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko: aliangukia mafiga. Ameacha dawa siku nne sasa, mama mkwe kamwambia zitamlemaza mtoto.

Aendelee na dawa? Foliki asidi (ile vitamini) ya mg 5 nimpe pamoja na SP, dawa ya kukinga malaria? La tatu ndilo linaninyima usingizi. Kituo nilichokuwa zamani tulipokea mama wa wiki 36 ameanguka nyumbani. Ndugu wakasema, "Ana kifafa huyu, ataamka tu." Tukamlaza ubavu, tukasubiri. Hakuna aliyempima presha, hata mimi. Alipoanguka mara ya pili ndipo tukapima: 170/120. Mama alipona, mtoto hatukumpata. Magnesiamu, dawa ya kifafa cha mimba, ilikuwemo kabatini muda wote.

Huyu binti akianguka wiki ya 34, nitajuaje ni kifafa chake cha siku zote au kifafa cha mimba?

DadaWaLeba:
Pole sana mdogo wangu. Jambo hilo limetukuta wengi.

Jina ndilo linalotuponza. Kifafa na kifafa cha mimba tunaviita kama ndugu, kumbe kifafa ni cha ubongo, kifafa cha mimba kinatokana na mimba yenyewe na presha yake. Na mwenye kifafa hajakingwa na kifafa cha mimba, anaweza kukipata kama mama mwingine yeyote. Mimi wanafunzi wangu nawaambia hivi: mimba ikishavuka wiki 20 mama akianguka, hesabu ni kifafa cha mimba mpaka presha na protini ya mkojo vikukatalie. Muulize kichwa kinamuumaje, anaona ukungu? Ukibaki na shaka usingoje, anza magnesiamu, gramu 4 mshipani polepole na gramu 5 kila tako, kisha gari la wagonjwa. Presha na mkojo vikiwa safi, pima malaria na sukari. Degedege likipita dakika 5, diazepamu mg 10 mshipani taratibu, na umwangalie anavyopumua.

Dawa airudie leo hii. Fenobabitali ukiikata ghafla unaweza kumletea degedege mfululizo, likamuua yeye na mtoto. Ni kweli dawa hizi zina madhara yake kwa mtoto, lakini hazilingani. Ya kuogopwa zaidi ni valproeti: karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida za kujifunza na ukuaji wa akili. Hata hiyo haikatwi na mama wala mkunga, anaibadilisha daktari, na vizuri iwe kabla ya mimba. Akajifungulie hospitali. Mtoto apate vitamini K mg 1 pajani akizaliwa tu.

Na huyo mama mkwe mwite. Ukiongea na binti peke yake umeongea na ukuta, kwa sababu dozi inaamuliwa nyumbani.

MfamasiaMoro:
Nijibu la foliki. Ya mg 5 kazi yake kubwa ni kabla ya mimba mpaka wiki ya 12, uti wa mgongo wa mtoto unapofunga. Isikutane na SP, inaipunguzia nguvu. Mpe wiki hii iliyobaki, kisha ahamie vidonge vya mg 0.4, ambavyo havina ugomvi na SP, na SP aanze wiki ya 13.

MamaWaTanga:
Mimi si mkunga, ni mwenye kifafa, nina watoto wawili. Nesi, mwambie afunge dawa zake kwenye pindo la khanga siku ya uchungu na azitaje akifika tu. Mimi wodini nilikatazwa "dawa za nyumbani", nikakosa dozi mbili, sikulala usiku kucha, alfajiri nikaanguka mtoto akiwa pembeni yangu kitandani.

Nyumbani nilinyonyesha nimekaa chini kwenye mkeka, mito pande zote. Kuoga mtoto hapana nikiwa peke yangu: kitambaa na maji kidogo, chini hapohapo. Majirani walisema maziwa yangu yatamwambukiza. Hayakumwambukiza. Alikuwa msinzifu tu siku za mwanzo kwa ajili ya dawa, nikawa namsugua nyayo aamke anyonye.

MkungaUlanga:
Shikamoo dada, na asanteni wote. Leo nimechukua bodaboda mpaka kwao. Mama mkwe kanisikiliza akichambua maharage, mwishoni kauliza jambo moja: "Akiangukia tumbo je, mtoto atapona?" Nikamwambia hilo ndilo tunaloliogopa. Akainuka, akaleta dawa mwenyewe. Alikuwa amezificha ndani ya debe la unga.

Jumanne nampeleka kwa daktari wa kliniki ya kifafa. Juu ya kadi nimeandika kwa kalamu nyekundu: ANA KIFAFA. AKIANGUKA, PIMA PRESHA KWANZA.