Naomba ushauri wa haraka: njia ya baiskeli pande za Ziwa Rutamba, isiyopitiwa na gari wala bodaboda

Mwana Mchinga (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Niko Lindi mjini. Nahitaji njia ya kuendesha baiskeli pande za Ziwa Rutamba, matembezi ya kupumzika tu, kilomita kumi au kumi na tano hivi, isiyopitiwa na gari wala bodaboda hata moja. Tuko wawili. Baiskeli tunazipakia kwenye pikapu mpaka kijijini, kwa hiyo lami hatuigusi. Vijia vya kuzunguka ziwa vinaungana au vinaishia mashambani? Mchanga ni mwingi? Tuanze saa ngapi? Safari ni Jumamosi ijayo. Mwenye kuyajua maeneo hayo anijibu tafadhali, usingizi sipati.

Fundi Spoku
Hujasema tairi zako ni za aina gani, na kwa Kusini yetu hapo ndipo pa kuanzia. Huku ni mchanga na mbigili. Tairi nyembamba inazama na utaikokota baiskeli badala ya kuipanda. Weka tairi pana, ukifika kwenye mchanga punguza upepo kidogo, ukitoka ujaze tena. Beba pampu, viraka, gundi na tyubu moja nzima. Na mbigili haiji peke yake. Ukipata pancha, pitisha kidole taratibu ndani ya tairi lote kabla ya kurudisha tyubu, la sivyo utaziba leo, kesho na keshokutwa.

Kuchele Daima
Rutamba kufanya nini, mkuu? Njoo Mtwara. Msimbati maji yakishatoka mchanga unakuwa mgumu, unaendesha ufukweni upepo wa bahari unakupiga kifuani. Ukirudi unapita Mikindani kwenye majumba ya kale, samaki wa kukaanga na muhogo upo. Ziwa gani litakupa hayo?

Mwana Mchinga
Mtwara ni mbali na ni lazima nipite barabara kuu. Nimeuliza Rutamba.

Mkulima Nyangao
Angalia kalenda, kijana. Huu ni mwezi wa saba, watu wanapulizia salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho. Kazi hiyo inafanywa alfajiri, umande ukiwa majanini na upepo umetulia, ili unga ushike. Ukikatiza mashambani saa kumi na mbili na nusu asubuhi utatoka macho mekundu na kifua kinawasha. Anza saa tatu. Hata hivyo umechagua vizuri kuliko kusubiri. Mwezi wa kumi na moja hicho kijia unachokiona kimya kinajaa pikipiki zenye magunia ya korosho kwenda ghala la chama cha msingi cha ushirika, na mvua zikishaanza udongo unashika tairi mpaka masika yaishe.

Bi Zaituni
Mwanangu, nimesoma mara mbili. Watu wawili, ni nani na nani? Mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya matembezi ya baiskeli ana jambo lake. Na bodaboda "hata moja", kwa nini?

Mwana Mchinga
Mmoja ni mimi. Mwenzangu ni mtu mzima kidogo. Si mgonjwa. Naomba turudi kwenye njia.

Bi Zaituni
Mtu mzima kidogo ni miaka mingapi?

Mwana Mchinga
Basi nasema. Ni baba, ana miaka 70. Sikio la kulia halisikii kabisa. Mwaka jana alikuwa anatoka shamba, bodaboda ikampita kwa nyuma upande huohuo wa kulia, hakuisikia, akayumba ikamgonga. Alivunjika mfupa wa bega, ukaunga, sasa mkono unafanya kazi zote. Lakini wadogo zangu wameiuza baiskeli yake na wamemkataza kupanda nyingine. Tangu hapo anakaa barazani tu. Kila nikienda ananiuliza: "Hakuna hata pahala pamoja pasipo na magari?" Nimeshamnunulia baiskeli. Iko kwangu, ya kijani kama ile ya zamani. Wadogo zangu nimewaambia tunakwenda Milola kusalimia ndugu. Msinihukumu, hawa hawamuoni jioni anavyotazama barabara.

Ustadh wa Ng'apa
Ndugu yangu, nia yako ni njema ila umeiwekea msingi wa uongo. Mzee akidondoka huko, utawapigia simu wadogo zako useme nini? Kwamba ndugu wa Milola ndio waliomwangusha? Waambie kabla ya Jumamosi. Wakikasirika, wakasirike baba yao akiwa mzima.

Fundi Spoku
Sasa mambo yamebadilika. Mfungie kioo cha pembeni upande wa kulia, awe anaona nyuma. Kiti kishushe mpaka nyayo zote mbili zifike chini akiwa amekaa. Breki za mkono zote mbili, siyo ile ya kurudisha pedali nyuma. Bega lililowahi kuvunjika halipendi mtikisiko, kwa hiyo hendeli iinue asiinamie mikono.

Mzee wa Ruvuma
Mimi nawaza kiboko. Mwaka fulani tulikwenda mtoni kuvua, mwenzetu akaamka kabla ya jua akasogea majini kunawa. Kiboko usiku huwa nchi kavu anakula majani, alfajiri anarudi. Ukisimama kati yake na maji umemziba mlango wa nyumba yake. Mwenzetu alipona kwa kupanda mti wenye miiba, mpaka leo ana makovu mapajani. Penye maji ya namna hii usisogee ukingoni mapema wala jioni mpaka umewauliza wenyeji, kuhusu kiboko na kuhusu mamba. Na mzee asitie miguu kwenye maji yaliyotuama hata jua likiwaka vipi. Kichocho hakijali umri.

Zuhura Safarini
Jamani mmenikumbusha Ubelgiji, nilisoma huko. Jimbo la Limburg lina eneo lenye mabwawa zaidi ya elfu moja, mengi yalichimbwa na watu kwa ajili ya samaki. Pale Bokrijk kuna njia ya baiskeli inayokata katikati ya bwawa tangu 2016, mita 212. Njia imezama, maji yako kulia na kushoto usawa wa macho yako, bata wanaogelea pembeni ya uso wako. Wazee wa miaka 80 wanapita wakizungumza. Hakuna gari. Na kila njia panda ina kibao chenye nambari: unaandika nambari zako kwenye karatasi, unafuata, hupotei. Mtindo huo ulianzia Limburg mwaka 1995, aliyeubuni alikuwa mhandisi wa migodi. Nililia siku ya kwanza, nikamkumbuka babu yangu anavyobanwa na malori barabara ya Masasi. Nambari za rangi kwenye miti na mawe hata sisi tungeweza.

Kuchele Daima
Sisi nambari tunaziweka kwenye nyumba za kubomolewa.

Mpekuzi 47
Wakuu mnaliwa muda. Huu uzi ni wa kutunga. Mwezi wa pili kwenye uzi wa pembejeo huyuhuyu Mwana Mchinga aliandika: "marehemu baba aliniachia mikorosho arobaini." Leo marehemu ananunuliwa baiskeli ya kijani? Bega, baraza, machozi, hadithi nzima imepangwa. Kesho ataomba mchango wa pikapu.

Fundi Spoku
Duh. Kumbe nimekaa hapa napima kiti cha marehemu.

Ustadh wa Ng'apa
Kama ni kweli, kumtungia baba yako habari ni jambo zito. Jibu.

Mwana Mchinga
Nimekaa nusu saa sijui niandike nini. Baba mzazi alifariki 2009, Mungu amrehemu, na mikorosho ni yake. Huyu ni baba mdogo. Ndiye aliyenichukua, akanisomesha, na baiskeli alinifundisha yeye kwenye tuta la reli ya zamani, ile iliyokuwa inakwenda Nachingwea enzi za mpango wa Waingereza wa kulima karanga. Reli ilifungwa 1962 yeye akiwa mtoto, na vyuma vilipoondolewa tuta likabaki njia ya watoto na baiskeli. Hakuna gari lililopita. Yeye alijifunzia pale na mimi pale. Sijawahi kumwita jina lingine zaidi ya baba. Sikujua hapa napaswa kueleza.

Mpekuzi 47
Sawa. Kwa hilo naomba radhi, kwetu pia baba mdogo ni baba.

Bi Zaituni
Mimi bado sijamaliza. Kwa hiyo hao "wadogo zako" ni watoto wake wa kuwazaa. Wao wamemuuguza bega, wao wamemkataza, na wewe mtoto wa kaka yake umenunua baiskeli ukaificha kwako. Hili ndilo linalokunyima usingizi, mwanangu, si mchanga wa Rutamba.

Mwana Mchinga
Ni kweli. Lakini nikiwauliza watasema hapana.

Bi Zaituni
Wamekataa barabara. Baiskeli isiyo na barabara umewahi kuwauliza?

Mwalimu Litipo
Nimefundisha upande huo miaka kadhaa. Achana na wazo la kuzunguka ziwa duara zima. Ukingo unahama kila mwaka kwa mvua, na vijia vimekatwa na wenye mashamba kufuata mashamba yao, havikukatwa kwa ajili ya mtembezi. Chagua kijia kimoja kizuri, nenda, rudi palepale. Mzee akichoka anajua kilichobaki. Msitu wa Litipo ni hifadhi, msiingie na baiskeli bila kupita ofisi ya kijiji, na hapohapo omba kijana mwenyeji awatangulie. Mwambie baba kwamba msituni mna komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa, uzito wake kama gramu 60 tu, ila mchana hamtamuona, analala.

Mkulima Nyangao
Na huyo kijana awaonyeshe mashamba yanayopuliziwa siku hiyo.

Mwana Mchinga
Nimerudi baada ya siku mbili. Nilimpigia yule mkubwa wa watoto wake. Nilimwambia yote, na uongo wa Milola pia. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza jambo moja tu: "Upande wake wa kulia atakuwa nani?" Nikasema mimi. Akasema, "Wewe tangulia na mwenyeji. Kulia nakaa mimi." Sasa natafuta baiskeli ya tatu. Fundi Spoku, yeye ni mrefu kuliko sisi sote. Nimtafutie ya saizi gani?