Wenye malambo na mabwawa ya udongo shambani: tupeane uzoefu wa kuyatunza

Mkulima wa Kongwa
Habari zenu wakuu. Nina lambo aliloliacha marehemu baba. Tuta lina urefu wa hatua 90 na kimo cha mita 4 hivi. Ng'ombe wetu na wa majirani wanakunywa hapo, na bustani ya vitunguu inategemea maji hayo hayo.

Mwaka juzi nusura lituponyoke, na kosa lilikuwa langu. Mvua zilikuwa zinaelekea kukatika, maji yanatoka kwenye utoro, yaani ile njia ya kutolea maji yanayozidi, roho ikaniuma. Nikapanga viroba vya mchanga kwenye mdomo wa utoro ili maji yapande nusu mita zaidi. Siku ya nne ikashuka mvua kubwa usiku. Kufika pale alfajiri nakuta maji yanatambaa juu ya tuta, pale katikati palipobonyea kwa kukanyagwa na mifugo. Tulikuwa watano, tumefungana kamba viunoni, tukang'oa viroba kimoja kimoja. Maji yalipopungua, upande wa nje wa tuta ulikuwa umechimbika korongo la kufika kifuani. Saa moja zaidi, lambo lote lingekwenda.

Ule udongo mkavu unaobaki juu ya usawa wa maji nilikuwa nauhesabu hasara. Kumbe maji ya mafuriko yakija, hapo ndipo yanapopanda huku utoro ukiyapunguza. Tuta la udongo likishapitiwa na maji juu, linaliwa kwa kasi ya ajabu.

Huwa nawaza Solai, kule Nakuru. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la udongo la shamba binafsi lilipasuka, wakafa watu zaidi ya 40, wakiwemo watoto wengi. Tusimulieni mliyoyaona kwenye mabwawa yenu.

Silanga_Laikipia
Pole sana ndugu. Yangu ilianzia kwenye bomba. Kuna bomba la inchi 4 linalopita chini ya tuta kupeleka maji kwa birika la ng'ombe. Nikaona chini ya tuta, kando ya bomba, panatoka maji kidogo, maangavu kabisa. Mzee mmoja jirani akanishauri nisizibe ila niyapime. Kila asubuhi nikawa naweka ndoo na kuangalia saa inajaa kwa dakika ngapi. Wiki ya tatu ndoo ilijaa kwa nusu ya muda wa kwanza, na maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo nikajua udongo unatolewa ndani ya tuta.

Fundi alikuja siku hiyo hiyo. Alimwaga mchanga mahali maji yanapotokea, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yatoke lakini udongo ubaki. Kisha tukashusha maji polepole kwa siku kadhaa. Tulipochimba kiangazi, tulikuta udongo uliozunguka bomba haukushindiliwa, umeachwa na uwazi wa kupitisha mkono.

Mama Neema, Singida
Mimi nilipenda kivuli. Nilipanda miti kwenye tuta, ikakua vizuri, watu wakanisifu. Baadaye mmoja ukakauka, tukaukata tukasahau kisiki. Mizizi ilioza ikaacha mashimo, fuko na kenge wakayaongeza. Siku lambo lilipojaa, maji yakatokea upande wa pili kupitia mle mle. Nilichimba, nikajaza udongo wa mfinyanzi kwa matabaka membamba, kila tabaka linashindiliwa likiwa na unyevu. Sasa tuta lina ukoka tu, na nimelizungushia uzio wa miiba. Miche midogo naing'oa kwa mkono kila baada ya mvua.

Silanga_Laikipia
Na ile miti mikubwa tayari? Mimi ninayo miwili.

Fundi_Mabwawa
Usiikate tu na kuondoka. Subiri maji yapungue kabisa, kata, toa kisiki na mizizi minene, kisha jaza na kushindilia kama alivyofanya Mama Neema. Ikiwa mti ni mkubwa na tuta ni jembamba, mwite mhandisi kwanza.

Niongeze mawili. Kabla hujatumia udongo kujengea au kuzibia tuta, chukua donge kavu, litumbukize kwenye glasi ya maji safi ya mvua, uache bila kukoroga. Ukiona wingu la maziwa linasambaa, udongo huo huyeyuka ndani ya maji na ndio unaotoboa matuta. La pili, bwawa likiwa limejaa muda mrefu msilimwage ghafla, maana upande wa ndani bado umelowa na unaweza kuporomoka.

Wa_Bondeni
Mimi sina bwawa. Nyumba yangu iko chini ya bwawa la mtu, na kila masika nalala nikisikiliza. Hatujawahi kuambiwa likileta shida tukimbilie wapi, wala hatuna namba ya simu ya mlinzi. Ninyi wenye mabwawa, majirani wenu wa chini mnawajua?

Mkulima wa Kongwa
Dada, swali lako limenikalia kifuani tangu jana. Chini ya lambo langu kuna kaya 7. Leo asubuhi nimepita zote, nikachukua namba za simu na kuwaonyesha kile kilima kidogo cha upande wa mashariki, ambako maji hayafiki. Bibi mmoja haoni vizuri, tumekubaliana kijana wa nyumba ya jirani ndiye atakayemchukua. Viroba navyo nimevihamisha kabisa kutoka shambani. Wiki ijayo nakwenda Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kuuliza habari ya kibali, kwa sababu baba hakuniachia karatasi yoyote ya lambo hili. Nikirudi nitawaeleza walichoniambia.