Vipande vyeusi vya pembeni ya vioo vimepauka, nifanyeje?

mkazi_igoma: Wakuu habari za jioni. Nina Carina TI ya 1999, bodi bado iko poa ila vile vipande vyeusi vinavyopita chini ya vioo vya milango vimekuwa vyeupe kama vimepakwa majivu, ukipitisha kidole kinatoka na unga. Nikipaka dizeli zinang'aa siku mbili, mvua moja tu imeisha. Gari ilikuwa ya marehemu mzee, natamani irudi kama zamani.

rangi_nyakato: Pole kwa mzee mkuu. Dizeli acha leo hii, inavimbisha raba halafu inadaka vumbi. Hilo jua ndo limekula uso wa plastiki, unga unaouona ni plastiki yenyewe. Osha na sabuni, kausha, piga msasa wa maji namba 600 taratibu mpaka unga uishe, futa na spiriti, bandika tepu ya karatasi kwenye kioo na bodi, funika na magazeti kisha puliza rangi nyeusi isiyong'aa, koti (tabaka) nyembamba tatu, kila moja uiache ikauke kwanza. Tepu ibandue wakati rangi bado mbichi kidogo, ikikauka kabisa rangi inabanduka na tepu.

mama_kirumba: Na usipulizie nje mchana upepo wa ziwa ukianza, mimi vumbi lote lilinasa nikarudia upya. Asubuhi mapema ndo pametulia.

mkazi_igoma: Asanteni sana, Jumamosi alfajiri naanza na mlango wa dereva.