Re: Nge ndani ya nyumba na fomu ya matengenezo

Mama Pacha: Salaam kwenu nyote. Hii ni mara ya tatu mwezi huu kumkuta nge ndani, na safari hii alikuwa ukutani, juu ya kitanda cha watoto. Nilijaza fomu ya matengenezo nikaomba uzibwe mwanya wa chini ya mlango wa nyuma pamoja na matundu ya mabomba jikoni. Ofisi ya mwenye nyumba ikaihamishia fomu kwenye kifungu cha wadudu, akaja mtu akapulizia dawa, akaenda zake, na mwanya uko palepale. Je, yupo aliyefanikiwa kuifanya ofisi izibe, au nizibe mwenyewe kisha nikate gharama kwenye kodi?

Kaka Fundi: Pole sana, dada. Mimi nilipuliziwa mara nne kabla sijakata tamaa na dawa. Nge ana mwili bapa na hupenya kwenye ufa mwembamba mno, kwa hiyo usiku ukiona mwanga wa nje chini ya mlango, hata mstari mdogo, hapo pana njia. Nilibandika mpira chini ya mlango, nikaziba kandokando ya mabomba kwa silikoni, kisha nikaondoa kuni na matofali yaliyoegemea ukuta, maana mchana hujificha humo. Tangu hapo nimewaona wawili tu, wote nje.

Mwalimu: Naomba kurekebisha. Nge si mdudu. Ana miguu minane na ni jamaa ya buibui, ndiyo maana dawa nyingi za wadudu hazimuui kwa urahisi. Faida yake kubwa ni kuua mende na nyenje anaowala, ingawa anaweza kukaa miezi bila chakula. Taa nyeupe ya barazani nayo huvuta wadudu hao. Wekeni ya njano.

Kaka Fundi: Mwalimu, aliyemwita mdudu ni ofisi, si mimi. Tafadhali soma vizuri.

Shangazi: Wanangu, tafuteni tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia. Gizani nge hung'aa rangi ya kijani, isipokuwa aliyetoka kujivua gamba. Kitanda cha watoto kisiguse ukuta, shuka isifike sakafuni, na kila mguu wa kitanda usimame ndani ya chupa pana ya kioo, kwani hawezi kupanda kioo laini. Viatu vikung'utwe kila asubuhi. Mtoto akiumwa, osheni kwa sabuni na maji, wekeni kitambaa cha baridi, msichanje wala kufunga kamba, kisha mkimbizeni hospitali.

Mama Pacha: Asante, Shangazi, chupa nimeshaziweka. Fomu nimeirudisha leo pamoja na picha ya mwanya. Kuhusu kodi, bado naomba jibu.

Kaka Fundi: Mwanya una upana gani, dada? Kuna mpira wa kubandika na wa kupigilia misumari.