Mrejesho: eneo la kupaka rangi kwenye tangi la Raskazone

Wakuu, asanteni. Kwa aliyepitwa: niliuliza eneo la nje la tangi la chuma hapa Raskazone, Tanga, mcheduara (umbo la pipa) wenye kipenyo mita 1.4 na kimo mita 2, juu kofia ya umbo la pia. Nilikuwa nimepata ubavu mita za mraba 17.6. Kosa mmeliona: niliweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo, jibu likawa mara mbili kamili.

Nimezungusha kamba tumboni mwa tangi, mzingo ni mita 4.4. Mara kimo 2, ubavu ni 8.8. Hata 22/7 (pai) haikuhitajika, na hii njia naipenda kuliko kanuni.

Kofia ndiyo yenye mtego. Kimo chake cha wima ni mita 0.24, lakini kinachotakiwa ni mshazari, kutoka ncha hadi ukingo: kipeuo cha pili cha (0.7 × 0.7 + 0.24 × 0.24), yaani cha 0.5476, ambacho ni 0.74. Futi kamba ikilazwa juu ya bati inatoa hicho hicho. Eneo la kofia ni pai mara nusu kipenyo mara mshazari: 22/7 × 0.7 × 0.74 = 1.63. Ukitumia 0.24 unapata 0.53, kofia inabaki uchi zaidi ya nusu.

Kitako kimekaa kwenye zege, hakipakwi. Jumla 10.43, mikono miwili (kupaka mara mbili) 20.86. Kopo linasema lita 1 kwa mita 8 za mraba, basi lita 2.6. Nachukua galoni ya lita 4, maana brashi nayo hunywa.

Chumvi ya bahari inaoshwa kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo rangi itabanduka.