Naomba ushauri: oregano inaoza, deizi zinagoma kuchanua

Habari zenu wanabustani. Naomba msaada wa wenye uzoefu, hasa mlio Entebbe na kandokando ya ziwa.

Nina tuta dogo nyuma ya nyumba, udongo mwekundu unaonata, jua linalipiga tangu asubuhi. Upande mmoja nina oregano, ule mmea wa kiungo wa majani yenye harufu, upande wa pili deizi zile kubwa nyeupe zenye kitovu cha njano. Kiangazi cha Juni na Julai oregano ilinawiri, ukipita tu unasikia harufu. Mvua za Septemba zilipoanza, majani ya chini yakageuka njano na shina likawa jeusi pale linapogusa udongo. Ukiung'oa mche, mizizi ni ya kahawia, laini, inakatika vidoleni.

Nimeacha kumwagilia, nimechimba mfereji pembeni na kupunguza matawi hewa ipite. Bado. Asili yake ni vilima vikavu vya Mediterania, kwa hiyo siilaumu sana, ila jirani anayo kwenye debe bovu lililotobolewa na inamstawia!

Deizi zina majani mazito kama sukuma wiki, lakini maua ni ya kutafuta. Samadi nimeshaacha kuweka.

Je, nihamishie oregano kwenye vyungu, na mchanga nichanganye kiasi gani? Na deizi hizi, kwa kuwa hupenda siku ndefu ndipo zichanue, nasi hapa ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, kuna aina inayokubali huku au nitafute ua jingine kabisa?